Kiraka cha Bluu kwenye Koti la Baba

Kila mji ninaohamia, na nimehama miji mingi, kitu cha kwanza ninachokiangalia chumbani ni mapazia. Siangalii kitanda wala bomba la maji. Mwenye nyumba akifungua mlango nikakuta mapazia ya bluu, ile bluu kali inayopiga kelele, huomba chumba kingine, au huomba ruhusa ya kuyabadilisha kwa fedha yangu. Nimefanya hivyo Tabora, nimefanya Songea, nimefanya Biharamulo. Mwezi uliopita nilifanya hivyo hapa nilipo sasa, na mama mwenye nyumba, mtu mwema anayependa kuzungumza, akaniuliza kama ni mambo ya dini. Nikamwambia hapana, ni mambo ya mbung'o. Akacheka sana, akidhani ninatania.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Inyonga, ndani kabisa ya misitu ya miombo, siku ambazo sisi sote tulihesabika watu wa Mpanda, na Katavi lilikuwa bado jina la mbuga ya wanyama tu. Watu wa kwetu waliishi kwa tumbaku na asali. Baba yangu alikuwa mtu wa asali. Alichonga mizinga kwa magome ya miti, akaining'iniza juu mbali porini, na mara moja kwa mwaka alikwenda kukaa kambini kama mwezi mzima, akirina. Aliendesha baiskeli yenye kopo la bati nyuma, lililotobolewa matundu, na ndani ya kopo kulikuwa na kinyesi kikavu cha tembo kinachofuka polepole. Moshi ule ulikuwa wa kufukuza mbung'o. Mpaka leo nikinusa moshi unaofanana na ule, jambo langu la kwanza ni kugeuka kumtafuta baba.

Kwa msiomfahamu, mbung'o ni inzi wa porini, wa kahawia, mkubwa kuliko inzi wa jikoni. Akitua hulaza mabawa yake moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa. Anauma kupitia nguo. Ukimpiga kofi hafi, anainuka na kurudi palepale kama mtu aliyesahau kofia. Sisi watoto tulikutana naye kila siku, kwa sababu shule ilikuwa mwendo wa saa nzima, na karibu njia yote ilikuwa pori.

Nyie mliosoma shule za msingi miaka ile mnakumbuka sare zetu. Wavulana kaptura za kaki, wasichana sketi za bluu. Wavulana walitangulia njiani, sisi tukafuata, na mbung'o wakatufuata sisi. Wavulana waliumwa kidogo, sisi tuliumwa mpaka tunakimbia. Waligeuka nyuma wakatucheka, wakisema mbung'o wameleta posa tena, mwaka huu nani ataolewa. Bibi yangu alikuwa na maelezo yake, kwamba damu ya msichana ina utamu. Tukayakubali. Mimi hata niliona fahari kidogo. Hakuna aliyeangalia sketi.

Ndipo akaja Bwana Gervas. Huyu alikuwa mtu wa serikali wa kazi za mbung'o, mfupi, mwenye pikipiki na buti zilizochakaa. Nyuma ya pikipiki alifunga furushi la vitambaa. Kila kitambaa kilikuwa na ukubwa wa mlango, bluu pembeni na nyeusi katikati. Alivichovya kwenye ndoo yenye maji meupe kama maziwa, akavitundika kwenye miti midogo aliyoichimbia chini, kimoja kwenye njia ya mtoni, vingine kuelekea porini. Karibu na kila kitambaa akafukia chupa yenye mkojo wa ng'ombe, mdomo wa chupa ukiwa wazi, ukinuka vibaya.

Kukawa na mkutano. Bwana Gervas hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema kitambaa hiki kinaua mbung'o, asikiguse mtu. Alisema kijiji kingine watu wamevikata wakashonea mifuko na mbeleko, na mbung'o wamerudi. Mwenyekiti wa kijiji akasimama baada yake, akaongeza kwamba atakayekamatwa ameshika wembe karibu na kitambaa cha serikali atapanda pikipiki hiyohiyo mpaka polisi Mpanda. Watu wakapiga makofi, wakatawanyika. Hakuna aliyeuliza kitambaa kinauaje, na hakuna aliyeeleza.

Mimi nilikwenda kuangalia mwenyewe. Nilichuchumaa kwenye njia ya mtoni nikangoja. Mbung'o mmoja akaja, akatua kwenye kitambaa, akatembea hatua chache, akaruka vibaya. Kisha akaanguka kwenye mchanga. Akatetemeka. Akalala. Siafu walipofika alikuwa bado anachezesha mguu mmoja, na walipomwinua alikuwa ametulia. Chini ya kitambaa kulikuwa na wenzake wengi. Nikaondoka na jambo moja kichwani, jepesi kama hesabu ya darasa la kwanza: kitambaa cha bluu kinaua mbung'o.

Kiangazi kile baba alikuwa anajiandaa kwenda kambini. Koti lake la kaki, alilolivaa porini kila mwaka, lilikuwa limechanwa na tawi mgongoni. Mama akaniambia nilitie kiraka, kwa sababu shuleni tulikuwa tumeanza kushona katika somo la sayansi kimu, na alitaka kuona kama ada inakwenda bure. Nililiweka koti magotini, nikaliangalia lile tundu, nikawaza juu ya mgongo wa baba na mwezi mzima wa mbung'o.

Nilichukua wembe wa kunyolea. Njia ya mtoni ilikuwa tupu, jua la saa nane. Nilikata kipande cha bluu kwenye pindo la chini, ukubwa wa daftari lililofunguliwa, na kwa haraka nikajikata kidole. Kilikuwa na harufu kali ya dawa. Nikaogopa harufu itanisema, nikakifua mtoni kwa sabuni ya mche, nikasuuza, nikafua tena. Nikakianika ndani, juu ya mtungi.

Baba alipolivaa koti aligeuza shingo kujaribu kuona mgongo wake.

"Umenitia bendera," akasema. "Wenzangu watanipigia saluti."

Akauliza kitambaa nimetoa wapi. Nikasema ni sketi yangu ya zamani. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Aliinua macho, akaniangalia kwa muda ambao niliuhisi kwenye masikio, kisha akarudi kwenye ungo wake.

Nyumbani kwetu mtu anayekwenda asali haagwi. Haulizwi atarudi lini, wala husimami mlangoni kumtazama. Unaendelea na kazi yako kana kwamba anakwenda dukani, ili pori lisijue kwamba kuna mtu anasubiriwa. Kwa hiyo nilikaa nikichambua mboga, nikaiba jicho. Baiskeli iliingia kwenye miti na moshi wake. Koti la kaki lilipotea mapema, likamezwa na majani makavu. Kiraka kilibaki. Muda mrefu baada ya baba kuwa haonekani, niliendelea kukiona kile kipande cha bluu kikipanda na kushuka kati ya miti, mbali, mbali zaidi. Nilifurahi. Nilijiambia mbung'o nao watakiona kutoka mbali, watakimbia.

Alirudi na madebe manne ya asali na nta nyingi. Alikuwa amekonda kama kawaida ya watu wa kambini, lakini alicheka. Alimsimulia mama kwamba mbung'o wa mwaka ule walikuwa na kichaa, walimganda mgongoni tangu asubuhi mpaka jua kuzama, moshi hawauoni, kopo hawaliheshimu. Nilimsikia nikiwa jikoni. Nikawaza, wanakuja ili wafe.

Shingoni, juu kidogo ya ukosi wa koti, alikuwa na uvimbe mwekundu wa kuiva kama jipu lisilo na mdomo. Mama akaubandika majani yaliyopashwa moto. Uvimbe ukanywea, homa ikaja.

Zahanati ya jirani walimpa vidonge vya malaria. Hawakuwa na chombo cha kupima damu, na homa kwa upande wetu ilikuwa malaria mpaka ithibitike vingine. Homa ikashuka, ikarudi. Vidonge tena, kisha sindano. Ikashuka, ikarudi. Kichwa kikamuuma mpaka akawa anakifunga kwa kanga ya mama. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumpigia kelele hata mbuzi, siku moja alirusha sahani ya ugali ukutani kwa sababu kijiko kililia. Halafu akaanza kutetemeka mikono. Halafu akaanza kulala. Alilala saa nne asubuhi akiwa amekaa, tonge mkononi, mdomo wazi.

Majirani walisema mengi. Malaria ya kichwa. Wivu wa watu wa asali. Bibi pekee alimtazama muda mrefu, kwa sababu yeye akiwa msichana alihamishwa kwao na wazungu, kijiji kizima, kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Lakini malale, kila mtu alijua, yaliisha zamani hizo. Bibi naye akaona aibu kutaja kitu kilichoisha.

Mimi nilikuwa na elimu yangu, na ilinitia hofu kuliko uchawi wowote. Kutetemeka, kisha kulala. Nilikuwa nimeona jambo hilo mara nyingi, kwenye mchanga wa njia ya mtoni. Nilikuwa nimemshonea baba dawa ya kuua mbung'o mgongoni, na alikuwa ameivaa mwezi mzima, na sasa ilikuwa inamuua yeye.

Sikumwambia mtu. Nilikumbuka wembe, pikipiki na polisi Mpanda. Badala yake nilijipa kazi. Mbung'o hakuchukuliwa na siafu mpaka alipoacha kutikisika, basi baba asingeacha kutikisika. Nilikwepa shule. Mama akienda shamba nilikaa karibu naye na mfuniko wa sufuria na mwiko. Macho yakifumba, napiga. Nilimvuta vidole, nikamuuliza mizinga yake iko kwenye miti gani. Mwanzoni alijibu, mtundu, mninga, mtundu. Baadaye alijibu moja tu. Siku niliyopiga mfuniko mpaka jirani akaja kulalamika, na baba hakufumbua macho, mama alitoka akatafute lori.

Tulipanda lori la tumbaku alfajiri. Baba alilazwa juu ya marobota, koti likiwa limemfunika, nami nikakaa kwenye miguu yake nikiifinya kila lori liliporuka shimo. Jioni tulishuka Makanyagio, mtaa wa mjini Mpanda, kwa mama mdogo. Asubuhi iliyofuata tukampeleka hospitali ya mjini kwa mkokoteni.

Hapo ndipo mama naye alipodanganya. Kambi ya mwaka ule ilikuwa ndani ya pori la akiba, na baba hakuwa na kibali. Mama aliamini kwamba akitaja pori, mgonjwa atatoka kitandani na kuingia rumande. Kwa hiyo alipoulizwa, alisema mgonjwa ni mkulima wa mahindi, mkazi wa Makanyagio. Daktari akaandika. Mkulima wa mjini, homa ya muda mrefu, kichwa, usingizi. Kwa maelezo yale hata mimi ningeandika malaria.

Damu ilipimwa. Mwenye maabara alikuwa Bwana Sosteni, mrefu, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja, na majibu aliyatoa kupitia dirisha dogo. Alisema alichoulizwa: malaria haionekani. Daktari akasema wataanza dripu ya kwinini hata hivyo, maana vidonge vingi vya zahanati huweza kuficha vidudu vya malaria, na wangoje siku mbili tatu waone. Mama akashukuru. Nilimtazama baba kwenye benchi la korido. Mkono wake ulikuwa umeangukia nje ya koti, na kidole kimoja tu kilikuwa kinachezacheza.

Nilikuwa nimeona mguu mmoja ukichezacheza namna ile. Nilijua kinachofuata.

Nilirudi kwenye dirisha dogo. Lilikuwa juu ya kimo changu, nikashika kizingiti nikajivuta.

"Nimempa sumu," nikasema. "Baba yangu. Nimempa sumu ya mbung'o."

Bwana Sosteni aliweka chini kalamu. Nyuma yangu mama akasema huyu mtoto hajala tangu jana, msamehe bwana. Bwana Sosteni hakumtazama.

"Mbung'o wa wapi?"

Nikamwambia yote, bila kupumua. Kitambaa cha serikali, wembe, sabuni, kiraka, kambi, mwezi mzima, mbung'o waliomganda mgongoni, uvimbe wa shingoni. Nilipotaja kambi nilimsikia mama akivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji. Nikamaliza kwa kusema wanifunge mimi, lakini kwanza wampe baba dawa ya kutoa dawa ile.

Bwana Sosteni alitoka kwa mlango. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akalifunua koti, akakitazama kile kiraka, akaipapasa shingo ya baba nyuma ya masikio. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, ni kweli alikuwa porini?"

Mama aligeuka kutazama mlango.

"Mimi napima damu. Sipimi vibali."

"Ni kweli," mama akasema.

Alimtoboa baba kidole upya. Safari hii hakuipaka damu rangi wala hakuikausha. Aliidondosha mbichi kwenye kioo, akaifunika kwa kioo kingine chembamba, akainama kwenye hadubini. Aliinama muda mrefu. Niliweza kuhesabu nyufa zote za sakafu. Kisha akavuta kigoda, akanipandisha juu yake, akaniambia nifumbe jicho moja.

Kwanza niliona mwanga tu. Halafu nikaona duara nyingi za rangi ya chai hafifu, zimelala kimya kama sahani zilizoanikwa. Halafu sahani mbili zikasukumwa. Kitu chembamba kilipita kati yake, kikijipinda kama mjeledi, kikazitawanya, kikaendelea.

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Huyo ndiye anayemlaza baba yako. Mbung'o humbeba mdomoni, akiuma anamwacha ndani ya mtu. Ni malale haya. Si dawa ya kitambaa." Alinishusha. "Hicho kitambaa, ulisema ulikifua mara ngapi?"

"Mara mbili. Kwa sabuni."

"Basi dawa uliitoa. Sabuni inaiharibu. Ulichobakiza ni rangi."

Sikuelewa, na aliona. Akaniambia mbung'o haogopi bluu. Anaifuata. Anaiona kutoka mbali kuliko rangi nyingine, anadhani amepata mnyama wa kunyonya. Mkojo wa ng'ombe unamwita kwa pua, rangi inamwita kwa macho, na akishafika, dawa ndiyo inayomuua. Kitambaa chenyewe ni mwito tu.

Alisema hivyo kwa upole, akidhani ananitua mzigo. Nilitazama chini nisimtazame usoni, nikajikuta natazama sketi yangu ya shule, maana sikuwa na nguo nyingine ya safari. Bluu. Nikakumbuka njia nzima ya shule, wavulana mbele, sisi nyuma, posa. Nikakumbuka kiraka kikipanda na kushuka kati ya miti, kikionekana peke yake. Sikuwa nimempa baba sumu. Nilikuwa nimewaita.

Nilipofika sekondari nilisoma zaidi juu ya jambo hili, kila nilipopata kitabu. Nilijifunza kwamba kitambaa kile kilikuwa mkutano wa elimu nyingi: ya macho ya inzi, ya harufu ya ng'ombe, ya dawa na kiasi chake, hata ya nyuzi na rangi isiyopauka juani. Kwa nini hasa bluu, wakati porini hakuna mnyama wa bluu, nilikosoma wataalamu hawakubaliani. Wengine wanasema machoni mwa mbung'o bluu hujitenga na majani kuliko rangi yoyote, wengine wanasema inafanana na kivuli cha mnyama. Watu wengi walifikiri sana ili kitambaa kile kifike njia yetu ya mtoni. Kilichopungua ni dakika tano za kutuambia kinafanyaje kazi.

Walimtoa baba maji ya mgongo, akiwa amekunjwa ubavuni kama mtoto tumboni. Vidudu vilikuwa vimeshafika kichwani. Daktari, ambaye sasa alizungumza na mama bila haraka, alimweleza wazi kwamba kwa hatua ile kuna dawa moja, lazima iletwe kwa treni kutoka Tabora, na dawa yenyewe ina aseniki, jamaa ya sumu anayowekewa panya. Wengi hupona. Baadhi dawa yenyewe huwaua. Asipopewa, atakufa kwa hakika. Mama aliomba arudiwe maneno hayo mara mbili, kisha akasema apewe.

Treni ilichelewa siku mbili. Tulisikia honi yake tukiwa wodini, na mama akasimama kana kwamba mgeni amebisha hodi.

Dawa ilivutwa kwa bomba la sindano la kioo. Nilimuuliza nesi kwa nini si la plastiki kama mengine, akanijibu tu kwamba hii inaharibu plastiki. Nikatazama mshipa wa mkono wa baba. Hakuwa amezungumza kwa siku nyingi, lakini dawa ilipoingia alishika chuma cha kitanda na kutoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Kitanda cha pili kulikuwa na mvuvi wa Ikola mwenye ugonjwa uleule, aliyetutangulia kwa duru moja ya dawa. Siku ya pili ya dawa ya baba, mvuvi alipatwa na degedege mchana, wakavuta pazia. Lilipofunguliwa kitanda kilikuwa kimetandikwa.

Duru ilikuwa siku tatu, kisha mapumziko ya wiki, kisha duru nyingine. Kila asubuhi niliingia wodini nikitazama vidole vyake kabla ya uso. Sikupiga mfuniko. Bwana Sosteni alikuwa ameniambia sasa usingizi ni haki yake, nami nilikaa na mikono yangu chini ya mapaja ili isimtikise.

Mwisho wa duru ya pili alifumbua macho saa tano asubuhi, akayaacha wazi. Alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Nani alikuwa ananipigia mfuniko masikioni?" akauliza. "Nilikuwa nataka kumchapa, mikono ikakataa."

Mama alicheka mpaka akalia, akatoka nje.

Tulirudi nyumbani mvua zikikaribia. Baba alitembea kwa fimbo, na mkono wake wa kulia ulibaki na tetemeko dogo ambalo halikumwacha maisha yake yote. Niliwaeleza wasichana wenzangu habari ya sketi. Hawakuniamini, na wavulana wakasema ninaona wivu kwa kuwa posa zimehamia kwa wengine. Mama, siku moja tukitwanga, aliniambia bila kuinua macho kwamba alijua tangu mwanzo. Sketi yangu ya zamani ilikuwa kwenye sanduku lake, nzima. Aliniacha kwa sababu aliona mtoto amemshonea baba yake kwa mapenzi, na kwa sababu aliogopa mwenyekiti. Hatukulizungumza tena.

Asubuhi moja baba, aliyekwisha kuambiwa yote na mama, aliniambia nichukue sindano, uzi na wembe. Alibeba koti begani. Tulikwenda polepole mpaka njia ya mtoni. Kitambaa cha serikali kilikuwa bado kimesimama, kimekwajuka kidogo kwa jua, na pindoni lile tundu langu, ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Baba aliketi kwenye mzizi, akafumua kiraka mwenyewe, uzi baada ya uzi, mkono ukitetemeka, akanipa.

Nilipiga magoti nikakishika kwenye tundu. Kililingana. Nilianza kushona, na kwa sababu nilikuwa nimempa mgongo niliweza kuuliza.

"Baba. Ni mimi?"

Aliningoja nimalize upande mmoja.

"Mbung'o wameniuma tangu hujazaliwa," akasema. "Nani atajua ni yupi. Shona."

Nilishona. Nilitaka kumwamini, na nilikuwa karibu kumwamini. Lakini kabla sijafunga fundo la mwisho nilisikia mvumo ule. Alikuwa mmoja tu, wa kahawia, ametoka porini. Alipita juu ya mikono yangu iliyo wazi. Alipita kando ya shingo ya baba, yenye kovu, iliyokuwa karibu zaidi. Akatua kwenye kiraka, akalaza mabawa yake kama mkasi.